Hesabu za kibandani: Jinsi uchumi, takwimu na programu za kompyuta zinavyomhusu mchuuzi wa Kabiro

WAKATI jiji la Nairobi lingali gizani, wachuuzi wa mboga wa Kabiro, katika mtaa wa Kawangware, huwa wamekwisha kufanya uamuzi mgumu kuliko mwingine wowote watakaoufanya siku hiyo. Wanunue mafungu mangapi? Akinunua machache, mteja atahamia kibanda cha pili. Akinunua mengi, yatakayosalia jioni yatanyauka na mtaji utaishia jaani.

Kwa miaka mingi uamuzi huo umeachiwa mazoea, na mazoea si haba. Hata hivyo, zipo taaluma zilizoundwa kushughulikia tatizo la aina hiyo hasa: uchumi, elimu ya fedha, takwimu na uandishi wa programu za kompyuta. Zinafundishwa katika vyuo vikuu vilivyo safari fupi ya matatu nambari 46 kutoka Kawangware, lakini ni nadra kufika kibandani. Zikifika, mara nyingi huwa mikononi mwa mkopeshaji, si mwa mkopaji.

Kabiro ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Dagoretti Kaskazini, pamoja na Kawangware, Gatina, Kilimani na Kileleshwa. Tajiri na maskini wanapiga kura pamoja huko, na aghalabu mboga zinazoliwa Kilimani hupitia mikononi mwa wanawake wanaolala Kabiro.

Uzito wa suala hili ulidhihirika katika utafiti ambao Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lilitoa mwaka 2016 kuhusu biashara ndogo. Lilikadiria kuwa Kenya ilikuwa na biashara za aina hiyo milioni 7.4, na kati yake ni milioni 1.56 pekee zilizokuwa na leseni. Katika miaka mitano iliyotangulia, biashara zipatazo milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa. Sababu iliyotajwa na wengi kuliko nyingine yoyote ilikuwa upungufu wa fedha za kuziendesha.

Wateja ni wangapi?

Swali la kwanza la mfanyabiashara yeyote ni ukubwa wa soko, na Nairobi ina mfano maarufu wa jinsi swali hilo linavyoweza kujibiwa vibaya. Kwa miaka mingi Kibera ilitajwa katika vitabu, magazeti na ripoti za wafadhili kuwa na watu milioni moja, na wengine walizidisha hata hapo. Matokeo ya sensa ya mwaka 2009 yalipotolewa, idadi iliyohesabiwa ilikuwa 170,070.

Wako waliobisha, na sensa ya mtaa wa mabanda ina matatizo yake. Lakini hebu fikiria kampuni iliyopanga kumuuzia mkazi mmoja kati ya kila kumi. Kwa hesabu ya zamani ingeagiza bidhaa za wateja 100,000. Kwa hesabu ya sensa, wateja 17,000. Pengo la aina hiyo halizibwi na matangazo ya biashara.

Mwaka huohuo wa 2009 vijana wa Kibera walianza kuuchora mtaa wao kwa vifaa vya kupokea ishara za setilaiti, chini ya mradi wa Map Kibera. Walionyesha vichochoro, vituo vya maji, zahanati na vyoo ambavyo ramani rasmi hazikuwa navyo. Anayetaka kufungua duka la dawa au kituo cha maji anaweza kuona washindani wake walipo kabla ya kulipa kodi ya mwezi wa kwanza.

Kawangware haina umaarufu wa Kibera. Katika sensa ya 2019, kaunti ndogo ya Dagoretti, ambamo Kabiro imo, ilikuwa na watu 434,208, ilhali Nairobi nzima ilikuwa na 4,397,073. Yaani karibu mkazi mmoja kati ya kila kumi wa jiji huishi Dagoretti.

Fungu la sukuma wiki

Turejee kwa mchuuzi. Tuchukue mfano wa mama mboga anayenunua fungu la sukuma wiki kwa shilingi 6 na kuliuza kwa shilingi 10, na lisiponunuliwa siku hiyo halina thamani tena. Fungu likiuzwa anapata shilingi 4. Likisalia anapoteza shilingi 6.

Tuseme ameweka daftari kwa siku 20. Katika siku nne wateja walitaka mafungu 40, katika siku sita wakataka 50, katika siku sita nyingine 60, na katika siku nne 70. Wastani ni mafungu 55 kwa siku. Wengi wakiulizwa anunue mangapi watajibu 55, au 60 ili asipungukiwe, na anayejivunia wateja wake atasema 70.

Hesabu inatoa jibu tofauti. Akinunua 40 kila siku, atapata faida ya shilingi 160. Akinunua 50, wastani wa faida yake utakuwa shilingi 180 kwa siku. Akinunua 60 itashuka hadi 170, na akinunua 70 itaporomoka hadi 130. Anayejaza meza ili isiwe tupu anajinyima shilingi 50 kila siku, ambazo kwa siku 26 za kazi ni shilingi 1,300.

Sababu yake ni kuwa hasara ya kubakisha inazidi faida ya kuuza, kwa hiyo ni afadhali kukosa mteja mmoja mara kwa mara kuliko kutupa fungu mara kwa mara. Kanuni yenyewe ni fupi: gawanya faida ya fungu lililouzwa kwa jumla ya faida hiyo na hasara ya fungu lililosalia. Hapa ni 4 kwa 10, yaani asilimia 40. Mchuuzi anunue kiasi kidogo kabisa ambacho kingetosheleza angalau asilimia 40 ya siku zake. Mafungu 40 yangetosha siku 4 tu kati ya 20. Mafungu 50 yangetosha siku 10.

Mambo hubadilika akipata mnunuzi wa jioni. Ikiwa mwenye hoteli au mfugaji atachukua masalio kwa shilingi 3 kila fungu, hasara inapungua hadi shilingi 3. Kanuni inakuwa 4 kwa 7, yaani asilimia 57, na sasa anapaswa kununua 60, ambayo humpa wastani wa shilingi 191 kwa siku. Mnunuzi wa jioni, ambaye wengi humdharau kwa kuwa analipa kidogo, ndiye anayemruhusu mchuuzi kujaza meza asubuhi.

Pana mtego mmoja ambao hata wasomi huingia. Daftari la mauzo si daftari la mahitaji. Mafungu 50 yakiisha saa tisa alasiri, daftari litaonyesha 50, lakini hakuna ajuaye ni wangapi waliopita baadaye wakakosa. Mchuuzi anayeandika mauzo pekee atajiaminisha kuwa soko lake ni dogo, na kila mwezi atazidi kulifanya dogo. Dawa yake ni kuandika pia saa ambayo bidhaa iliisha. Hapo ndipo takwimu inapotofautiana na kuhesabu: yasiyoonekana nayo yanapewa nafasi.

Kazi hii haihitaji kompyuta kubwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuandika programu ya mistari ipatayo 20 kwa lugha ya Python, ikasoma daftari la mwezi na kupendekeza idadi ya kesho. Inaweza hata kutumika kwa simu ya kawaida isiyo na intaneti, kwa kubofya nambari zile zinazoanza kwa nyota na kuishia kwa reli. Kigumu ni kuandika daftari kila siku. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Wakala na chenji

Tatizo la fungu la sukuma ni la kale katika elimu ya fedha. Mwaka 1888 mwanauchumi Francis Edgeworth wa Uingereza alilitumia kueleza benki inapaswa kuweka akiba ya fedha kiasi gani ili wanaokuja kutoa pesa wasikose, bila kufungia mali nyingi kabatini. Katikati ya karne ya 20 wataalamu wa Marekani walilikuza hadi likawa msingi wa somo la usimamizi wa ghala.

Kabiro ina mabenki ya Edgeworth katika kila kona, yaani mawakala wa M-Pesa. Tangu huduma hiyo ianzishwe Machi 2007, wakala amekuwa akigawanya mtaji wake mara mbili: fedha taslimu mkononi na salio la kielektroniki katika simu. Anayekuja kuweka pesa hula salio. Anayekuja kutoa hula taslimu. Upande mmoja ukiisha, wakala humfukuza mteja ilhali upande wa pili umejaa. Watafiti waliochunguza mawakala hao walibaini kuwa wa mijini aghalabu hupokea amana nyingi kuliko wanazotoa, na wa mashambani huwa kinyume, maana pesa hutoka mjini kwenda nyumbani. Kwa hiyo wakala wa mjini hulemewa na noti na kuishiwa salio. Anayejua hilo kwa tarehe, mathalani mwisho wa mwezi au siku za kufungua shule, hupanga safari zake za benki mapema.

Lililo dogo zaidi ni chenji, nalo lilishangaza wengi. Mwaka 2014 Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson walichapisha utafiti kuhusu biashara ndogo nchini Kenya. Walikuta kwamba wafanyabiashara hupoteza kati ya asilimia 5 na 8 ya faida yao kwa sababu tu hawana sarafu na noti ndogo za kumrudishia mteja. Ajabu ni kuwa kuwatembelea kila wiki na kuwauliza mauzo mangapi yalipotea kwa kukosa chenji kulitosha kuwabadilisha, kwani swali lenyewe liliwakumbusha kuweka akiba ya sarafu. Hapakuwa na mkopo wala semina ya hotelini.

Malipo ya simu yamepunguza tatizo hilo, ingawa hayajalimaliza. Huduma ya Lipa na M-Pesa ilipoanza mwaka 2013, na hasa Safaricom ilipofungua mfumo wa Daraja mwaka 2017 unaowawezesha waandishi wa programu kuunganisha mifumo yao na M-Pesa, malipo yalianza kujiandika yenyewe katika daftari la kompyuta. Duka linalolipwa kwa simu lina kumbukumbu ya kila shilingi pamoja na saa yake.

Mkopo wa simu

Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyozaa mkopo wa simu. M-Shwari ilizinduliwa Novemba 2012 na Safaricom pamoja na Benki ya CBA, ambayo mwaka 2019 iliungana na NIC kuwa NCBA. Mteja hakuulizwa hatimiliki ya shamba wala mdhamini. Programu ilitazama jinsi alivyonunua muda wa maongezi na jinsi alivyotumia M-Pesa, ikampa alama, na alama ikaamua kiwango cha mkopo.

Kwa nini alama ni muhimu hivyo? Tuseme mkopeshaji ametoa mikopo 100 ya shilingi 1,000 kila mmoja kwa ada ya asilimia 7.5, ambayo ndiyo iliyotozwa na M-Shwari kwa siku 30. Wakopaji sita wasipolipa kabisa, atarudishiwa shilingi 101,050 na atakuwa na faida ndogo. Wasipolipa saba, atapata shilingi 99,975, yaani hasara ya shilingi 25 kabla ya kulipa mishahara na mitambo. Mkopeshaji mzima anasimama au kuanguka kwa mtu mmoja kati ya 100. Kazi ya programu ni kumtambua huyo wa saba kabla hajapewa pesa. Asiyeweza kumtambua hupandisha ada: kwa asilimia 15 kwa mwezi, ambayo baadhi ya wakopeshaji wa programu za simu walitoza, anaweza kuwavumilia wasiolipa 13. Mzigo huo unabebwa na wale 87 waaminifu.

Kwa upande wa mkopaji, ubaya au uzuri wa mkopo hautokani na ada peke yake. Chukua wachuuzi wawili wenye soko lile tulilolieleza, bila mnunuzi wa jioni. Wa kwanza ana shilingi 150 tu, kwa hiyo hununua mafungu 25 na kupata faida ya shilingi 100 kwa siku. Akikopa shilingi 150 zaidi atanunua 50, na wastani wa faida yake utapanda hadi 180. Kwa siku 26 ameongeza shilingi 2,080, na ada yake ni shilingi 11 na senti 25. Hakuna mtu timamu atakayemkataza.

Wa pili tayari ana shilingi 300 na hununua mafungu 50. Naye akikopa shilingi 150 na kununua mafungu 75, wastani wa faida yake utashuka kutoka shilingi 180 hadi 100, kwa sababu soko lake halina wateja hao. Mkopo ni uleule na ada ni ileile, lakini wa kwanza aliukosa mtaji na wa pili aliukosa mteja. Programu ya mkopeshaji haiwezi kuwatofautisha, kwa kuwa haimwoni mteja wa sukuma. Huenda hata ikampa wa pili alama za juu zaidi, maana pesa nyingi zaidi hupita katika simu yake.

Muda nao una bei yake. Ada ya M-Shwari haikutegemea siku: aliyelipa baada ya siku tano alitoa shilingi 75 kwa kila 1,000, sawa na aliyelipa baada ya siku 30. Kwa mwaka, asilimia 7.5 kwa mwezi ni asilimia 90. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, ilikuja na riba ya asilimia 8 kwa mwaka inayohesabiwa kwa siku. Mkopo wa shilingi 1,000 kwa siku 14 hugharimu takriban shilingi 3, ijapokuwa asilimia 5 ya mkopo hukatwa na kuwekwa akiba, hivi kwamba mkopaji hupokea 950. Kiwango cha mkopo kilianzia shilingi 500, na kwa wengi tatizo lilikuwa udogo wake, si riba.

Je, mikopo hii imesaidia? Tavneet Suri, Prashant Bharadwaj na William Jack walitumia alama zenyewe kupata jibu. Waliwalinganisha waliopita kiwango cha kukopeshwa M-Shwari kwa alama chache na waliokikosa kwa alama chache, watu ambao kimsingi wanafanana. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2021, familia zilizopita zilikuwa na uwezekano mdogo zaidi, kwa pointi 6.3 za asilimia, wa kuahirisha matumizi muhimu zilipopatwa na janga. Utafiti wa awali wa Jack na Suri, uliotoka mwaka 2016 katika jarida la Science, ulikadiria kuwa M-Pesa yenyewe iliziondoa familia 194,000 katika umaskini na kuwawezesha wanawake 185,000 kuingia katika biashara.

Upande wa pili wa shilingi ulionekana mitaani. Baadhi ya wakopeshaji wa simu walisoma orodha ya majina katika simu ya mkopaji, kisha wakawapigia mama mkwe, mwajiri na mchungaji kumtangaza kuwa mdeni. Maelfu waliandikishwa katika mashirika ya CRB kwa madeni ya shilingi mia chache. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliwazuia wakopeshaji wasiosimamiwa kupeleka majina CRB, na kufutwa kwa walioorodheshwa kwa madeni ya chini ya shilingi 1,000 kukaagizwa. Sheria ya kulinda data ilikuwa imeanza kutumika Novemba 2019. Machi 2022 zikafuata kanuni za Benki Kuu zinazowalazimu wakopeshaji hao kupata leseni na kuwakataza kutisha au kuaibisha wadeni.

Mkopo wa bidhaa

Jaribio lililokaribia zaidi mahitaji ya mama mboga lilifanywa mwaka 2018 na maabara ya utafiti ya IBM jijini Nairobi pamoja na Twiga Foods, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2014 kuwapelekea wenye vibanda mazao hadi mlangoni. Badala ya kutazama muda wa maongezi, programu ilitazama oda za mchuuzi mwenyewe: alinunua nini, lini, na alilipa vipi. Wenye vibanda 220 walishiriki kwa majuma manane. Mikopo ilikuwa ya wastani wa dola 30, takriban shilingi 3,000 za wakati huo, kwa siku nne au nane, na riba ilikuwa asilimia moja au mbili. Oda zilikua kwa asilimia 30, na faida ikapanda kwa wastani wa asilimia 6.

Tofauti ya takwimu hizo mbili yafaa kutazamwa. Mauzo yaliyopanda kwa kiasi hicho yangetarajiwa kuleta faida zaidi ya hiyo. Inaelekea baadhi ya waliokopa walikuwa kama yule mchuuzi wa pili, waliojaza meza kupita wateja wao. Twiga yenyewe ilipunguza wafanyakazi mwaka 2023 baada ya miaka ya kupanuka, jambo linaloonyesha kuwa hata mwenye programu bora bado hulipia mafuta ya lori linalozunguka vichochoroni.

Kuna jambo ambalo mifumo hii yote hailioni: sarafu. Mama anayeuza fungu la shilingi 10 kwa taslimu na kununua bidhaa kwa taslimu hana historia katika simu, hata akiwa hajawahi kumkosea mtu deni. Katika chama chake cha wanawake sifa yake ni kubwa, lakini chama hakina uhusiano na kompyuta ya benki. Ndiyo maana baadhi ya vyama vimeanza kukusanya michango kwa simu na kuhifadhi taarifa zake, na ndiyo maana mchuuzi anayepitisha japo sehemu ya mauzo yake katika nambari ya malipo ya biashara anaweza, baada ya miezi michache, kuiomba taarifa ya M-Pesa, kuisoma mwenyewe siku kwa siku, na kuipeleka kwa mkopeshaji anayemtaka yeye.